Kuyakinga Macho na Uso Juu ya Pikipiki

Katika masomo yaliyopita ulijifunza sehemu za jicho na kazi zake. Katika somo hili utajifunza namna mwendo wa pikipiki unavyoyahatarisha macho na uso, na namna ya kuvikinga.

Hebu mfikirie Bwana Shamba mmoja anayerudi kijijini jioni kwa pikipiki yake. Ni wakati wa kiangazi, na barabara ni ya vumbi. Amevaa kofia ngumu kichwani, lakini kioo cha mbele cha kofia hiyo kilivunjika zamani, naye hakupata kuweka kingine. Mbele yake linakwenda lori. Anapolikaribia, chembe moja ya mchanga inaruka na kuingia katika jicho lake la kulia. Chembe hiyo ni ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Mara jicho linamwuma, machozi yanamtoka, naye haoni kitu. Na huko mbele watoto wawili wenye ndoo wanavuka barabara kwenda kisimani.

Kwa nini chembe ndogo namna hiyo imshinde mtu mzima mwenye nguvu? Na kwa nini asione kwa jicho la kushoto, ambalo halikuingiwa na kitu? Tutayajibu maswali haya mawili, kisha tutaona jinsi hatari hiyo inavyoweza kuzuiwa.

1. WALINZI WA JICHO

Jicho ni kiungo laini, lakini lina walinzi wake. Limewekwa ndani ya shimo la mfupa, na kwa hiyo mpira au fimbo ikikupiga usoni, mara nyingi mfupa ndio unaopigwa kwanza. Nyusi huzuia jasho la kipaji lisitiririke machoni. Kope huzuia vumbi. Machozi huuosha uso wa jicho na kuufanya uwe na unyevu daima. Vifuniko vya macho navyo hufumba haraka kitu kinapokaribia. Kwa kawaida mtu hupepesa macho yake mara 15 hadi 20 hivi kwa kila dakika, na kila anapopepesa, machozi husambazwa juu ya jicho.

Sehemu angavu iliyo mbele kabisa ya jicho huitwa konea. Nuru yote unayoiona hupita hapo kwanza. Unene wa konea katikati yake ni karibu nusu ya milimita tu. Konea haina mishipa ya damu; kama ingekuwa nayo, nuru isingepita vizuri. Lakini ina neva nyingi sana. Ndiyo sababu chembe ambayo usingeihisi mkononi hukuumiza sana inapoingia jichoni. Maumivu hayo ni onyo: yanakuambia kwamba konea imeguswa.

Jaribio la kwanza

Kaeni wawili wawili, mkitazamana. Mmoja wenu afumbue macho na ajitahidi asipepese hata kidogo. Mwenzake apige kofi moja la ghafla mbele ya uso wake, kwa umbali wa sentimita 30 hivi. Asimguse. Tazama macho ya mwenzako kwa uangalifu.

Umeona nini? Macho yamefumba ingawa mwenyewe hakutaka. Je, limefumba jicho moja au yote mawili? Yamefumba yote mawili, tena kwa wakati mmoja.

Hivi ndivyo miili yetu ilivyo. Jicho moja likiguswa au likitishwa, ubongo huyafumba yote mawili bila ya kutuuliza. Sasa umepata jibu la swali letu la pili. Jicho la kushoto la Bwana Shamba halikuwa na chembe, lakini nalo lilifumba pamoja na la kulia. Mtu anayetembea kwa miguu haoni hasara yoyote macho yake yakifumba kidogo. Husimama, akayafikicha, akaendelea na safari. Pikipiki haisimami pale macho yanapofumba.

2. MWENDO HUFANYA NINI?

Jaribio la pili

Chukua uzi wenye urefu wa sentimita 30. Siku isiyo na upepo, ushike uzi huo mbele yako, uning'inie. Tembea polepole, kisha kimbia.

Ukitembea, uzi huning'inia karibu wima. Ukikimbia, hupeperuka kuelekea nyuma. Upepo umetoka wapi, na siku yenyewe ni shwari? Umetokana na mwendo wako mwenyewe. Hewa ilikuwa imetulia, nawe ukaigonga. Kila unapoongeza mwendo, ndivyo unavyoigonga hewa kwa nguvu zaidi, pamoja na vyote vilivyomo hewani.

Mwendesha pikipiki asiye na kinga huupata upepo huo usoni daima. Upepo huo huyakausha machozi upesi kuliko yanavyotengenezwa. Macho huwa mekundu, huwasha, na kuona huwa kwa shida. Halafu jicho hujaribu kujiokoa kwa kutoa machozi mengi kwa ghafla, na machozi hayo nayo humfanya mtu aone ukungu.

Jaribio la tatu

Jaza mchanga mkavu na laini katika sufuria pana, kisha usawazishe juu yake. Chukua gololi moja. Iangushe kutoka kimo cha sentimita 25, kisha iangushe mahali pengine kutoka kimo cha mita 1. Linganisha mashimo mawili yaliyofanyika katika mchanga.

Gololi ni ile ile, wala haikuongezeka uzito. Hata hivyo shimo la pili ni kubwa zaidi. Gololi iliyotoka kimo cha mita 1 hufika chini ikiwa na mwendo mara mbili ya ile iliyotoka kimo cha sentimita 25. Lakini nishati yake ya kugonga si mara mbili. Ni mara nne. Hii ni kanuni muhimu katika sayansi:

Mwendo ukizidi mara 2, nishati ya kugonga huzidi mara 2 × 2, yaani mara 4.
Mwendo ukizidi mara 3, nishati ya kugonga huzidi mara 3 × 3, yaani mara 9.
Mwendo ukizidi mara 10, nishati ya kugonga huzidi mara 10 × 10, yaani mara 100.

Sasa tumia kanuni hii. Tuseme mtu anatembea kwa haraka, mwendo wa kilometa 5.4 kwa saa, naye anakutana na chembe ya mchanga iliyo hewani. Mwingine anakutana na chembe kama hiyo akiwa juu ya pikipiki iendayo kilometa 54 kwa saa. Mwendo wa pikipiki ni mara 10 ya ule wa mtembeaji. Kwa hiyo chembe ile ile hulipiga jicho la mwendesha pikipiki kwa nishati mara 100. Hili ndilo jibu la swali letu la kwanza. Chembe haikubadilika, kilichobadilika ni mwendo. Walinzi wa jicho tuliowataja wanamtosha mtu anayetembea au kukimbia. Hawamtoshi mtu aliye juu ya pikipiki.

3. UMBALI UNAOKWENDWA BILA YA KUONA

Tufanye hesabu ndogo. Pikipiki iendayo kilometa 54 kwa saa huenda mita ngapi katika sekunde moja?

Kilometa 54 ni mita 54,000.
Saa moja ina sekunde 3,600.
54,000 ÷ 3,600 = 15.

Basi pikipiki hiyo huenda mita 15 katika kila sekunde. Dereva akifumba macho kwa sekunde 3 tu kwa sababu ya maumivu, pikipiki itakuwa imekwenda mita 45 naye haoni kitu. Nendeni uwanjani na mwalimu wenu, mkapime mita 45 kwa kamba. Mmoja wenu asimame mwanzo wa kamba na mwingine mwisho. Kisha hesabuni ni wanafunzi wangapi, mbuzi wangapi au baiskeli ngapi ambazo zingeweza kuwa katika nafasi hiyo.

Sasa unafahamu kwamba mwendesha pikipiki anapoyakinga macho yake, hajikingi yeye peke yake. Anamkinga abiria aliye nyuma yake, na pia anamkinga mtu anayetembea kando ya barabara.

4. VITU VINAVYORUKA BARABARANI

Hatari hubadilika kwa majira na kwa mahali. Wakati wa kiangazi, vumbi ndilo adui mkubwa. Vumbi la barabarani lina chembe ngumu za mchanga zenye kingo kali, nazo zaweza kuikwaruza konea. Mahali penye kokoto, magurudumu ya gari hurusha vijiwe nyuma. Kijiwe kimoja chaweza kuvunja jino au kupasua mdomo.

Wakati wa mvua, matone yenyewe huchoma usoni kama miiba, kwa sababu dereva huyaendea kwa kasi. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa wingi, na usiku hufuata taa. Taa ya pikipiki huwavuta hadi mbele ya uso wa dereva. Kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Nyasa wako wadudu wadogo wa ziwani ambao, wakati fulani, huruka juu ya maji kwa makundi makubwa mpaka ukidhani ni moshi. Upepo ukiwasukuma nchi kavu, anayepita kwa pikipiki hujazwa nao machoni, puani na mdomoni. Mende wa porini na nyuki nao huumiza. Dereva aliyeumwa na nyuki kwenye kifuniko cha jicho aweza kuuacha usukani bila ya kukusudia.

Jua nalo lisisahauliwe. Watu wanaokaa muda mrefu katika jua kali, upepo na vumbi huweza kuota kinyama kidogo jichoni, ambacho aghalabu huanzia upande wa pua. Kinyama hicho kikikua na kuifikia konea, huweza kupunguza nguvu ya kuona. Vijana wengi wa bodaboda hukaa barabarani tangu alfajiri hadi usiku. Kwao kinga ya macho ni kifaa cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima.

5. VIFAA VYA KUUKINGA USO

Kifaa cha kwanza ni kofia ngumu, ambayo watu wengi huiita helmeti. Matumizi yake yalienea baada ya uchunguzi wa waganga. Mwaka 1935 askari na mwandishi Mwingereza, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki huko Uingereza, akaumia kichwa, akafa baada ya siku chache. Mmoja wa waganga waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns. Baadaye Cairns alichunguza habari za waendesha pikipiki waliokuwa wakiumia vichwa, na mwaka 1941 akatangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya faida ya kofia ngumu. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru madereva wake wa pikipiki wazivae.

Kofia za zamani zilifunika utosi tu. Uso ulibaki wazi, na dereva alilazimika kuvaa miwani ya kubana. Leo ziko kofia za namna mbili.

(a) Kofia inayofunika kichwa chote pamoja na kidevu. Mbele yake ina kioo kinachofunuliwa na kufunikwa. Hii ndiyo bora kuliko zote. Huko Hannover, Ujerumani, wataalamu waliochunguza ajali za pikipiki waliona kwamba karibu theluthi moja ya mapigo yaliyozipata kofia yaliangukia sehemu ya kidevu. Kofia isiyo na sehemu hiyo huuacha mdomo na taya bila ya ulinzi.

(b) Kofia iliyo wazi mbele. Hii hukilinda kichwa, lakini haiulindi uso. Mwenye kofia hii yampasa avae pia miwani ya kukinga upepo, yenye kingo zinazogusana na ngozi pande zote ili vumbi lisipenye.

Kile tunachokiita kioo cha kofia si kioo cha kweli kama cha dirisha. Kioo cha dirisha kikipigwa huvunjika vipande vyenye makali, na vipande hivyo vingeingia machoni. Kioo cha kofia nzuri hutengenezwa kwa plastiki angavu na imara iitwayo polikaboneti, ambayo iligunduliwa mwaka 1953. Ikipigwa na kijiwe aghalabu hubonyea au hukwaruzika, lakini si rahisi kuvunjika.

Je, miwani ya kawaida ya jua yafaa? Yafaa kidogo kuliko kutovaa kitu, lakini haitoshi. Upepo na vumbi hupita kandokando yake. Ikiwa imetengenezwa kwa kioo dhaifu, yaweza kupasuka. Tena yeyote anayevaa miwani ya giza au kioo cheusi usiku hujinyima nuru anayoihitaji. Usiku hutumika kioo cheupe tu.

Kumbuka pia kwamba kofia isiyofungwa mkanda wa kidevuni hutoka kichwani kabla ya kichwa kufika chini.

6. KUKITUNZA KIOO

Jaribio la nne

Kata kipande cha plastiki angavu kutoka katika chupa safi ya maji. Nusu yake isugue kwa kitambaa kikavu chenye vumbi. Nusu nyingine iache kama ilivyo. Ingia katika chumba chenye giza, na umwombe mwenzako awashe tochi mbele yako. Tazama nuru ya tochi kupitia nusu ya kwanza, kisha kupitia nusu ya pili.

Utaona kwamba mikwaruzo huitawanya nuru. Hivyo ndivyo anavyoona dereva mwenye kioo kilichokwaruzika, anapokutana usiku na taa za gari. Mbele yake huwa pameenea weupe, na mtu aliye kando ya barabara haonekani.

Kwa hiyo kioo cha kofia kisipanguswe kwa kitambaa kikavu kikiwa na vumbi. Kimwagiwe maji kwanza ili vumbi liondoke, kisha kioshwe kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Kisipanguswe kwa petroli, kwa kuwa petroli huidhoofisha plastiki na kuitia nyufa. Kioo kilichochakaa kibadilishwe. Bei ya kioo ni ndogo kuliko bei ya jicho, na jicho haliuzwi dukani.

7. WEWE UNAPOKUWA ABIRIA

Wewe bado huendeshi pikipiki, na sheria haikuruhusu. Lakini pengine hupelekwa shuleni, zahanati au sokoni kwa pikipiki. Baadhi ya watu huwapakia watoto mbele, juu ya tangi la petroli. Wasifanye hivyo. Mtoto aliyekaa mbele ndiye anayepigwa kwanza na upepo, vumbi na wadudu. Na pikipiki ikifunga breki ghafla, uso wake hugonga usukani.

Yakupasa ukae nyuma ya dereva, uvae kofia inayokutosha, ufunge mkanda wake, na ufunike kioo chake. Kama kofia haina kioo, usichungulie kando ya bega la dereva. Ukiona kwamba dereva hana kofia kwa ajili yako, usione haya kumwambia kwa adabu: "Kaka, naomba kofia kabla hatujaondoka." Na kama anakwenda mbio, mwambie: "Kaka, naomba upunguze mwendo." Mwendo ukipungua kwa nusu, nishati ya kila kinachokugonga hupungua hadi robo.

8. KITU KIKIINGIA JICHONI

Dereva aliyeingiwa na kitu jichoni asiuachie usukani ili afikiche jicho. Aushike sawasawa, apunguze mwendo polepole, atoke upande wa kushoto wa barabara na asimame. Baada ya hapo afuate hatua hizi, ambazo nawe utazitumia nyumbani:

(a) Usilifikiche jicho. Ukilifikicha, chembe huikwaruza konea.
(b) Nawa mikono kwa sabuni.
(c) Pepesa macho mara nyingi, ili machozi yaitoe chembe.
(d) Isipotoka, inamisha kichwa upande wa jicho linalouma, na mtu akumiminie maji safi polepole, yakianzia upande wa pua na kutokea upande wa sikio.
(e) Kama chembe bado imo, au jicho linaendelea kuuma, au huoni vizuri, nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo.
(f) Kama kitu kimechoma jicho, usikitoe wala usilioshe jicho hilo. Lifunike kwa kikombe safi bila ya kuligandamiza, na uende hospitali mara moja.

Usitie jichoni maji ya majani, maziwa, wala dawa aliyopewa mtu mwingine. Konea iliyokwaruzika ni kama mlango ulio wazi. Vijidudu vikiingia hapo huweza kuacha kovu jeupe, na mahali penye kovu nuru haipiti vizuri.

Turudi sasa kwa Bwana Shamba wetu. Tuseme kwamba asubuhi ya siku ile, kabla ya kuondoka, alinunua kioo kipya na kukitia katika kofia yake. Lori linapita, vumbi linatimka, na chembe ile ile inaruka kwa mwendo ule ule. Inagonga kioo, inatoa mlio mdogo, kisha inaanguka. Bwana Shamba anawaona watoto wenye ndoo tangu mbali, anapunguza mwendo, na watoto wanavuka.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Jicho moja likiguswa, macho yote mawili hufumba.
Mwendo ukizidi mara 2, nishati ya kugonga huzidi mara 4.
Kofia inayofunika kidevu na yenye kioo ndiyo kinga bora ya uso.
Kioo huoshwa kwa maji na sabuni, si kwa petroli.
Jicho lililoingiwa na kitu halifikichwi. Huoshwa kwa maji safi.

MAZOEZI

Jibu maswali haya katika daftari lako.

1. Taja walinzi wanne wa jicho na kazi ya kila mmoja.
2. Kwa nini konea huuma sana hata inapoguswa na chembe ndogo?
3. Pikipiki yaenda kilometa 36 kwa saa. Itakwenda mita ngapi katika sekunde 4?
4. Mwendo wa pikipiki umeongezeka kutoka kilometa 20 hadi kilometa 60 kwa saa. Nishati ya kugonga imezidi mara ngapi?
5. Eleza kwa nini kioo cheusi hakifai usiku.
6. Simama na mwalimu wako mahali pa salama, mbali na barabara, kwa muda wa nusu saa. Hesabu pikipiki zinazopita. Andika ni madereva wangapi wamevaa kofia, ni wangapi wamefunika kioo, na ni abiria wangapi wamevaa kofia. Chora jedwali la matokeo yako, kisha uwaeleze wazazi wako ulichokiona.